Vijana, acheni kuficha hali ndani ya funksheni

Wiki hii nimepitia kodi ya Python ya vijana wapya, na ile kaunta iliyobandikwa kwenye funksheni imerudi tena: hali, yaani data ambayo funksheni inaikumbuka kati ya mwito mmoja na mwingine. Nawapenda, ndiyo maana nawakemea mapema.

1. Jueni mnachokigusa. Tangu Python 2.1 ya mwaka 2001, kupitia PEP 232 (pendekezo rasmi la kuboresha Python), funksheni ya `def` ina `__dict__` yake, yaani kamusi ya atributi zake, kwa hiyo ukiwa na funksheni iitwayo `tuma`, `tuma.mara = 0` inakubalika. Kwa `len`, iliyojengwa ndani ya Python yenyewe, mtapigwa kosa la AttributeError. Ila ndani ya mwili wake, `tuma.mara += 1` hutafuta jina `tuma` upya kila funksheni inapoitwa. Jina likipewa kitu kingine, hesabu inahamia huko. Hiyo ni global tu, yaani data iliyo wazi kwa kodi yote, imevaa kanzu ya funksheni.

2. Prosesi, yaani nakala za programu zinazoendeshwa kila moja peke yake, hazishirikiani kumbukumbu. Hili lilituumiza. Tulirithi mradi wenye funksheni ya kutuma ujumbe, na seti `tuma.zilizotumwa` ya kuzuia ujumbe usirudiwe. Kwenye laptopu ilikwenda vizuri, testi zote kijani. Kwenye seva zikawashwa prosesi nne, kila moja na seti yake, na hakuna iliyojua mwenzake katuma nini. Wateja wakaanza kupata ujumbe uleule mara mbili, mara tatu. Tukachunguza foleni. Tukachunguza mtandao. Tukamshuku mwenzetu aliyeandika sehemu ya kujaribu tena, naye hakuwa na kosa lolote. Ubishi ule ulikuwa mkali na ulituachia uchungu. Ule mstari mmoja chini ya `def` kila mtu aliupita, kwa kuwa ulionekana mpole. Na hata kwenye prosesi moja, seva ikiwashwa upya seti inaanza tupu! Kumbukumbu ya namna hiyo mahali pake ni databesi, kwenye safu isiyoruhusu thamani kujirudia.

3. Ukiweka kwa `@` dekoreta inayoifunika funksheni yako kwa nyingine kupitia `functools.wraps`, atributi unayoandika chini ya funksheni inakaa kwenye kifuniko, si kwenye funksheni ya asili. Ukiitafuta kwenye ile ya asili, `tuma.__wrapped__.mara`, haipo.

4. Hali inayobadilika ipeni klasi yenye `__call__` (kitu chake huitwa kama funksheni), au kloja yenye `nonlocal` (funksheni ya ndani inayobadilisha variabo ya ile ya nje). Keshi ya majibu yaliyokwisha kukokotolewa ni `lru_cache`, na kati ya testi iteni `cache_clear()` kuifuta.

5. Lebo isiyobadilika sina ugomvi nayo. Django admin, kurasa za usimamizi za fremuweki ya wavuti ya Django, iliishi na `short_description` (kichwa cha safu) kwenye funksheni kwa miaka, hadi `@admin.display` ilipokuja katika toleo la 3.2, na hakuna aliyepotewa na data kwa sababu hiyo.