Jibu: Coolscan V haionekani kwenye Windows 11
Habari ndugu. Unasema Coolscan V yako, ile skana ya filamu ya Nikon, inawaka vizuri, ila Windows 11 inaiwekea alama ya njano na Nikon Scan, programu yake ya asili, haiioni kabisa. Skana haijafa. Nikon Scan 4 haikutengenezwa kwa Windows ya biti 64, na Windows 11 ni ya biti 64 tu. Usihangaike kuisakinisha tena na tena. Mimi nilipoteza jioni nzima hapo.

Kwanza angalia kebo: ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, achana na hab (kigawanyi cha USB). Kisha pakua VueScan, programu nyingine ya kuskani, inakuja na draiva yake (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na skana). Isakinishe VueScan huku skana ikiwa imezimwa, kisha washa skana, subiri taa iache kumweta ndipo ufungue programu. Alama ya njano ikigoma kuondoka, ingia kwenye orodha ya vifaa, bofya kulia jina la skana, chagua kusasisha draiva, uielekeze mwenyewe kwenye folda ya VueScan. Yangu iliamka hapo, ikaanza kunguruma kama kawaida yake.

Toleo la majaribio hujaza alama za $ juu ya picha, usishtuke. Na ukifika kwenye filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe, zima usafishaji wa vumbi wa infraredi. Fedha iliyomo kwenye filamu huizuia miale hiyo, picha inaharibika.