Nimtafutie mwanangu mlezi maarufu?

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Tangu azaliwe anatoka malengelenge hata akisuguliwa tu na mshono wa fulana. Majirani walidhani nimemmwagia mafuta ya maganda ya korosho, maana mimi hubangua nyumbani. Daktari wa ngozi ametuambia ni ugonjwa wa kurithi, epidermolisisi bulosa. Shemeji yangu, mpenzi wa timu ya Liverpool, anasema mchezaji wao wa zamani Graeme Souness anachangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huuhuu, kwa hiyo na sisi tuweke picha za mtoto mtandaoni, tumwombe msanii mkubwa awe mlezi wetu, yaani atusemee na kutuchangishia. Nifanye hivyo?
Mama wa Kitangari, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Hilo la korosho nimelisoma mara mbili. Mikono ya wabanguaji nimeifunga dawa miaka mingi. Mafuta ya ganda huunguza pale yalipogusa, ngozi mpya ikiota yamekwisha. Ya mwanao yanaanzia ndani: vile vishikizo vinavyoshonea ngozi ya juu kwenye ya chini ni dhaifu, kwa sababu jeni inayovitengeneza ina kasoro. Hukumuunguza. Wala ugonjwa huu hauambukizi, waambie majirani hivyo waziwazi.

Shemeji yako amesema kweli. Souness, nahodha wa Liverpool iliyotwaa Kombe la Ulaya 1984, anakisaidia chama cha DEBRA cha Uingereza, cha watu wenye ugonjwa huu. Juni 2023, akiwa na miaka 70, aliogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa, akipokezana na wenzake, na zikachangwa zaidi ya pauni milioni 1. Alikuwa amemfahamu binti mmoja mwenye ugonjwa huo, na baba wa binti alikuwa humohumo majini pamoja naye. Mlezi wa namna hiyo hata mimi namtaka.

Lakini DEBRA haikuanzishwa na staa. Ilianzishwa 1978 na mama, Phyllis Hilton, na jina ni la binti yake. Souness alikuta chama kipo, kinajua fedha ziende wapi. Na utafiti unafika mahali: Mei 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka kwenye kidonda, yenye virusi vilivyopunguzwa makali ambavyo huingiza jeni nzima kwenye ngozi. Ni kwa aina moja tu ya ugonjwa huu, na bei yake ni kubwa mno. Muulize daktari mwanao ana aina ipi.

Picha za vidonda usizitoe. Mtoto huyu ataanza shule, na picha itakuwa imemtangulia. Msanii akitaka kusaidia, aje nyumbani, akae mkekani, amwone anavyobadilishwa bendeji. Asimnyanyue kwa kumshika makwapani.

Nakuambia hivyo kwa sababu nimeona. Katika wodi moja huko Lindi tulimbandikia mtoto mchanga plasta ya kushikilia dripu. Tulipoibandua, ngozi ya mkono ilitoka nayo, kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Mama yake hakulia, alinitazama tu. Zamu ile hakuna aliyeujua ugonjwa huu. Kwa hiyo ukimpata mlezi, mwombe kwanza manesi wa huku wafundishwe, na gozi zisizonata, vile vitambaa vya kufunikia kidonda, zipatikane Newala. Utafiti wa ng'ambo achangie baadaye.

Kwa sasa, lengelenge likijaa litoboe upande wa chini kwa sindano mpya ya hospitali, maji yatoke, ngozi ya juu uiache ifunike. Weka gozi yenye mafuta ya mgando mengi. Plasta, kamwe. Mdomoni kukiwa na vidonda, mpe uji uliopoa. Kidonda kikinuka au homa ikipanda, usingoje kesho.

Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Mwombe daktari wako awasiliane nao, na akuulizie kama kuna familia nyingine yenye mtoto kama wako. Mkiwa mama wawili kwenye benchi moja, chama kimeanza, na huyo msanii atakuwa na mlango wa kubisha.

Na ile fulana igeuze leo, mshono uwe nje.