Kabla hujajitolea kwenye toleo lijalo la Debian

Debian 12, toleo la mfumo endeshi huria unaotengenezwa na watu wa kujitolea, ilianza kufungwa (yaani kuzuiwa mabadiliko makubwa) tarehe 12 Januari 2023, ikatoka 10 Juni. Miezi mitano hiyo ndiyo inayowachosha watu. Mwanzoni kazi ni nyingi na za kila aina; kufikia Machi zimebaki hitilafu zinazozuia toleo, tena zile sugu ambazo wenzako walishaziruka. Mgeni aliyejibebesha hitilafu kumi kwa mpigo hupotea kimyakimya hapo.

Chukua moja. Tuma amri ya owner kwa barua pepe kwenye mfumo wa hitilafu ili ijulikane iko kwako, kisha siku ya kwanza jaribu tu kuizalisha upya kwenye mazingira safi ya sid, tawi la Debian linalopokea mabadiliko mapya kwanza. Ukifaulu, andika hatua zako zote. Hata usipoitibu, anayekufuata umempunguzia nusu ya kazi. Wiki ikipita umekwama, tuma noowner na ueleze ulichojaribu. Hakuna anayekulaumu kwa kurudisha kazi. Tatizo ni kuikalia, maana wengine wanaipita wakidhani unaishughulikia.

Kiraka chako kiwe kifupi. Wasimamizi wa toleo husoma debdiff (orodha ya tofauti kati ya kifurushi cha zamani na kipya) mstari kwa mstari, kwa hiyo usipange upya msimbo wala kuingiza toleo jipya la programu kwa kisingizio cha kurekebisha kosa moja. Ombi la namna hiyo hukataliwa, na wengi huvunjika moyo hapo hapo ilhali kosa lenyewe walishalirekebisha vizuri.

Kwa kuwa bado huna ruhusa ya kupakia vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) kwenye hazina ya Debian, utahitaji mdhamini, yaani mwenye ruhusa atakayepakia kwa niaba yako. Kama mtunza kifurushi yupo ila hajajibu, mwombe mdhamini apitishe kazi kwenye foleni ya DELAYED, ambako kazi hungoja siku kadhaa kabla ya kuingia. Kwa hitilafu ya kuzuia toleo iliyoripotiwa zaidi ya siku 7 zilizopita, siku 2 za kusubiri ndizo za kawaida. Mwenye kifurushi anapata nafasi ya kuizuia au kuipakia mwenyewe. Tusidharau adabu hii: mtunzaji anayekuta kifurushi chake kimebadilishwa bila taarifa naye anaweza kususa, na mkabaki wachache zaidi.

Angalia pia tarehe za vifurushi kuondolewa kwenye testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo. Kifurushi kikitolewa kwenye testing baada ya hatua ya pili ya kufunga (kwa Debian 12 ilikuwa 12 Februari), hakirudi katika toleo hilo. Anza na kilicho karibu kutolewa.

Na ukiwa na saa mbili tu kwa wiki? Achana na msimbo. Nakili mashine ya majaribio yenye toleo la zamani, ipandishe hadi jipya kwa kufuata maelezo ya toleo neno kwa neno, kisha tuma ripoti kwa upgrade-reports (sehemu ya mfumo wa hitilafu ya ripoti za upandishaji) ukiambatisha kumbukumbu ya usakinishaji, /var/log/apt/term.log. Pale maelezo yalipokupoteza, taja sehemu yenyewe.