Fundi Akujibu: Gari la Turbo Lililolala Uani

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi Subaru Impreza WRX ya mwaka 1998 kutoka kwa marehemu ami yangu. Imekaa uani kwetu miaka minne bila kuwashwa. Nimeweka akiba ya kununua turbo kubwa zaidi, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, lakini nyumbani wananishauri nianze na rangi. Nataka kazi niifanye mwenyewe. Nianzie wapi?
Msomaji, Maweni, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Akiba yako iweke kwanza, na rangi nayo isubiri, kwa sababu gari lililolala miaka minne karibu na bahari huwa limekwisha kuingiliwa na chumvi mahali ambapo macho hayafiki. Lipandishe kwenye stendi imara, wala usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, kisha ugonge kwa bisibisi kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, kwenye vizingiti vya chini ya milango, na pale juu shokabu za nyuma zinapofungwa kwenye bodi. Impreza za miaka hiyo huoza hapo hapo. Baadhi yake zilianza kuliwa na kutu huko Japani, katika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo usidhani kila kutu utakayoikuta ni ya Malindi. Bati lililooza likatwe na kuchomelewa jipya. Kulifunika kwa puti na rangi ni kuificha hatari, maana shokabu inayovunja mahali ilipofungwa haimpi dereva nafasi ya kujiokoa.

Injini usiiwashe bado. Petroli ya miaka minne huacha utando wa gundi kwenye nozeli zinazopulizia petroli ndani ya injini, na nozeli iliyoziba nusu huinyima silinda yake mafuta, jambo ambalo injini ya turbo hailivumilii. Mwaga petroli yote, badilisha filta, na nozeli uzipeleke zikasafishwe. Badilisha pia mafuta ya injini, maji ya rejeta na mafuta ya breki.

Mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, lakini mpira huchoka kwa umri hata gari likiwa limesimama, na katika injini yako mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni. Ubadilishe pamoja na kikaza mkanda, roli zake na pampu ya maji, kwa kuwa pampu hiyo huzungushwa na mkanda uo huo na ni hasara kuifungua kazi ile ile mara mbili.

Turbo uliyonayo usiihukumu kabla ya kuipima. Toa bomba la hewa na ushike ncha ya mhimili kwa vidole. Ukicheza kidogo kwenda pembeni si neno, kwa sababu mhimili huo huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta. Lakini ukisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisika, au mapanga yakiwa yamekwaruza nyumba yake, hiyo imekwisha. Siku ya kuwasha, toa kwanza fyuzi ya pampu ya petroli na uizungushe injini kwa stata mpaka taa ya mafuta ya injini izimike. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ikianza kavu hujiharibu kabla hujafika kufunga boneti.

Injini ikishapata moto, pima mgandamizo wa silinda zote nne. Vipimo visipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi. Vikipishana sana, akiba yako itengeneze injini. Najua Subaru ilishinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae, na jina hilo bado linawasha moyo wa vijana wetu. Ila magari yale yalikuwa na mafundi walioyakagua kila yaliposimama, na lako lina wewe.

SWALI: Fundi, nina Toyota Starlet Glanza V ya lita 1.3. Rafiki yangu anasema naweza kuongeza nguvu kwa kupandisha shinikizo la turbo tu, bila kununua kitu. Je, ni kweli?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Nguvu itaongezeka, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Hewa ikizidi na petroli isizidi, mchanganyiko wa hewa na petroli huwa mkavu, joto hupanda, na petroli hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake mpaka pistoni ipasuke. Fahamu pia kwamba petroli ya daraja la juu inayouzwa Japani kwa kawaida ina okteni 100, yaani kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili kutolipuka kabla ya wakati, na tunayojaza huku iko chini ya hapo, nayo hewa ya adhuhuri ya Mambrui huingia kwenye injini ikiwa tayari ni ya moto. Funga kwanza geji ya shinikizo na kipimo cha mchanganyiko kwenye eksozi, safisha rejeta na ile intakula inayopoza hewa ya turbo, weka plagi mpya, na uhakikishe pampu ya petroli ina nguvu. Shinikizo lipandishwe kidogo kidogo, na kompyuta ya injini ipangwe upya na fundi anayesoma vipimo hivyo gari likiwa linavuta. Ukisikia mlio kama wa kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, ondoa mguu papo hapo na urudishe shinikizo lilipokuwa.