Mmea wako unaona mbingu?

*Bi Mkubwa wa Vyungu anajibu maswali ya wasomaji*

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya chini. Nilinunua mani planti ya majani yenye mabaka meupe, pamoja na chungu cha mrehani, nikaviweka juu ya meza ya sebuleni. Mani planti imerefuka ovyo, majani mapya yanatoka madogo na weupe wote umepotea. Mrehani ndio kabisa, umepukutika. Wifi yangu aliyeko Uingereza akanambia nivisogeze kwenye dirisha la kusini, na langu ndiko linakotazama. Nimefanya hivyo tangu Mei na sasa ni Julai, sioni nafuu. Jirani asema nitie mbolea. Nifanyeje?
*Mama Watoto, Kibokoni*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mbolea iache kwanza. Mmea uliokosa mwanga hauna nguvu ya kuitumia. Chumvi yake itabaki mchangani iunguze mizizi, kisha uje uniandikie barua nyingine.

Wifi yako hakukudanganya, ila amekwambia ya kwao. Kule Uingereza jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo linalogombewa. Sisi Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na jua letu linahama. Linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mnamo tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya hapo, wakati wa kusi, linakwenda kaskazini. Mwezi wa Juni saa sita mchana limelala nyuzi 27 upande huo. Kaskazi ikivuma linarudi kusini. Hesabu mwenyewe: tangu uweke vyungu vyako hapo Mei, jua liko mgongoni mwa nyumba. Hata ikifika Desemba litakuwa juu mno, nyuzi 19 tu kutoka utosini, na kwa ukuta mnene kama wa nyumba zenu za mawe ya matumbawe haliingii mbali kupita kizingiti. Kwetu dirisha la kutegemewa mwaka mzima ni la mashariki, lenye jua la asubuhi. La magharibi nalo hupata jua kila siku, lakini ni jua kali.

Ila naijua Kibokoni, na sidhani shida yako kubwa ni kusini wala kaskazini. Shida ni ukuta wa jirani. Fanya hivi: inama mpaka jicho lako liwe sawa na majani, kisha tazama nje. Unaona mbingu? Kama unaona kipande kizuri cha mbingu, mmea una mwanga hata kama jua lenyewe haliufikii. Kama unaona ukuta wa ng'ambo ya kichochoro tu, hapo ni giza, hata kama wewe wasoma gazeti bila taa. Jicho la mtu hufumbuka likazoea. Jani halina ujanja huo. Na mezani katikati ya sebule ni kubaya zaidi, kwa sababu kila hatua unayorudi nyuma, kipande cha mbingu kinapungua upesi.

Ukitaka hakika, weka karatasi nyeupe pale pa chungu saa sita mchana, uinue mkono juu yake kiasi cha futi moja. Kivuli chenye kingo kali, vidole vinahesabika: mwanga ni mwingi. Kivuli chenye ukungu lakini mkono unajulikana: wa kadiri, na mani planti inautaka huo. Kivuli usichokiona: hapo weka redio.

Sasa dawa. Mani planti iweke kwenye kizingiti chenyewe cha dirisha, na pazia lifungwe pembeni mchana. Wavu wa mbu uoshe; vumbi lililoganda humo linakula mwanga sana, na majani yafute kwa kitambaa kibichi. Ukimpata mwenye nyumba ya ng'ambo akapaka ukuta wake chokaa nyeupe, umefaidi, maana ukuta mweupe hurudisha mwanga. Yale mabaka meupe hayana klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, kwa hiyo jani la mabaka lahitaji mwanga zaidi kuliko jani la kijani kitupu. Likikosa, mmea huzaa majani ya kijani ili uishi. Kata matawi yaliyorefuka, chini kidogo ya kifundo jani linapoota, tia kwenye gilasi ya maji, yakitoa mizizi panda upya. Na maji punguza: penye mwanga hafifu mmea hunywa kidogo. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, ondoka.

Mrehani hauwi wa ndani, mwanangu. Wataka jua lenyewe, saa sita kwa siku. Omba ruhusa darini kwa majirani wa juu. Ukiwagawia wa kutungia vikuba, vile vishada vya kunukia, hawatakukatalia.

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nilinunua zamia kwa muuza maua wa kando ya barabara, nikaiweka kwenye roshani yangu ya Nyali inayotazama magharibi. Majani yamepata mabaka ya hudhurungi yaliyokauka. Ni ugonjwa?
*Kijana wa Nyali*

JIBU: Marahaba baba. Si ugonjwa, umeiunguza. Zamia ni mmea wa misitu ya pwani yetu hii, huota chini ya miti, na muuzaji alikuwa ameiweka chini ya neti ya kivuli. Iingize ndani, hatua mbili kutoka mlangoni. Majani yaliyoungua hayaponi, subiri mapya. Hiyo roshani ipe bogainvilia, mshubiri au adeniamu, nazo zizoeze kidogo kidogo kwa wiki mbili.

SWALI: Ofisi yangu haina dirisha. Je, balbu ya kawaida yaweza kukuza ua?
*Karani, Mombasa*

JIBU: Yaweza, ila si ile ya darini. Nunua taa ya mezani, tia balbu nyeupe ya LED, ikae kiasi cha futi moja juu ya majani, iwake kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku, kisha izimwe; mmea nao wahitaji giza. Swichi ya saa itakuepusha na kusahau Ijumaa jioni. Jaribu Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Wazungu walilipeleka Ulaya kutoka Usambara miaka ya 1890, lakini ndugu yake anaota hapa Cha Simba, Kaloleni, kwenye majabali ya chokaa yenye kivuli. Limwagilie kwa chini, kwenye kisahani, maana tone la maji baridi juu ya jani huacha doa.