Maji yanachemshwa kila siku, mbona meno ya mtoto yana madoa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Arumeru, Arusha. Maji yetu hutoka katika kisima kirefu cha kijiji. Ni maangavu, hayana harufu, na tangu nilipoolewa hapa sijawanywesha wanangu maji yasiyochemshwa. Hata hivyo, mwanangu wa miaka 9 ameota meno ya mbele yenye madoa ya kahawia, na siku hizi akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu. Je, niyachemshe kwa muda mrefu zaidi?

JIBU: La, mama, usiongeze muda. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwa hilo umefanya vyema na uendelee. Lakini madoa unayoyaeleza yanafanana sana na yale yaletwayo na floraidi, madini ambayo moto hauyagusi. Ukichemsha lita 5 hadi zikabaki 4, mvuke umeondoka na maji matupu, na floraidi yote imebaki sufuriani ikiwa kali kuliko mwanzo.

Madini hayo huyeyuka kutoka katika miamba ya volkano, ambayo kwenu imeuzunguka Mlima Meru, ndiyo maana maji maangavu kabisa yanaweza kuwa nayo kwa wingi. Kiwango cha juu kinachokubalika sasa ni miligramu 1.5 kwa lita, ingawa kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 kutokana na uhaba wa vyanzo. Kwa hiyo kisima kilichopitishwa zamani si lazima kiwe salama leo. Iombeni kamati ya maji ya kijiji ipeleke sampuli maabara, au iulize katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho kipo wilayani kwenu na kazi yake ni hii hii ya kuondoa floraidi.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni huyo mdogo. Meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa hivi ndani ya ufizi, na yataendelea hivyo hadi afikie takriban miaka 8, kwa hiyo maji machache mliyo nayo yasiyo na floraidi yawe yake kwanza, ya kunywa na ya kupikia uji. Maji ya mvua yanafaa sana, mradi yale ya kwanza yanayoosha vumbi la bati yamwagwe, tangi lifunikwe, na yachemshwe kabla ya kunywewa. Kwa kisima, upo mchujo wa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi. Mkaa huo huchoka, nao usipobadilishwa kwa wakati maji hupita kama yalivyoingia. Acheni pia kutia magadi kwenye maharage na makande, kwa kuwa magadi mengine yana floraidi nyingi mno.

Kwa mkubwa, mpeleke kwa daktari wa meno, ambaye ndiye atakayethibitisha chanzo cha madoa na anaweza kuyapunguza au kuyafunika. Mwambie kwamba si uchafu wala si uvivu wa kupiga mswaki, na asiyasugue kwa mchanga wala mkaa, kwani rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe.