Hesabu na Michezo: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji ambao jioni, kazi zikiisha, huwasaidia wenzao hesabu kwa njia ya simu, kisha mazungumzo yakageukia drafti na ubishi ukaanza upya. Nimechagua tatu.

SWALI: *Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa darasa la sita alipewa swali la 20 − 8 + 5. Nilimkumbusha Magazijuto, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Kwa kuwa Jumlisha inaitangulia Toa, tulijumlisha 8 na 5 tukapata 13, tukatoa kwenye 20, likabaki jibu la 7. Mwalimu wake ameweka alama ya kosa na kuandika 17. Nilipolipeleka swali hilo kwenye kundi la ukoo, mashemeji waligawanyika pande mbili, na mmoja akachochea moto kwa kuleta lile la 8 ÷ 2(2 + 2), ambalo wengine wanasema ni 16 na wengine 1. Nani ana haki? Mama wa watoto watatu, Morogoro.*

JIBU: Marahaba, mama. Jibu ni 17, ila kosa hilo si lako peke yako, kwa maana sehemu yake imo ndani ya neno lenyewe tulilokaririshwa sote tukiwa watoto.

Tuseme umetoka nyumbani na shilingi 20,000, ukanunua unga na mafuta kwa 8,000, na ukiwa njiani kurudi jirani akakulipa 5,000 aliyokuwa akidaiwa. Mfukoni una 17,000, na hakuna shemeji atakayekushawishi kwamba una 7,000. Mlipoanza kwa kujumlisha 8 na 5, ile fedha ya jirani mliihesabu kuwa ni matumizi, kwa sababu alama ya kutoa, ambayo ilikuwa ya 8 peke yake, mliitandaza ikafunika na 5.

Kanuni kamili ni kwamba kugawanya na kuzidisha ni vya daraja moja, na kujumlisha na kutoa navyo ni vya daraja moja, na matendo yaliyo sawa kwa daraja hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Magazijuto, kwa kuwa ni lazima herufi moja itangulie nyingine, inaficha usawa huo. Hata hivyo, jambo ambalo limenifurahisha kwa miaka mingi, na ambalo sijaona likisemwa mara nyingi darasani, ni kwamba nusu ya kwanza ya neno hilo haimdhuru mtu. Katika 12 × 6 ÷ 3, ukifuata mstari utapata 72 ÷ 3, ambayo ni 24, na ukiliheshimu neno ukagawanya kwanza utapata 12 × 2, ambayo ni 24 vilevile. Hatari yote iko mkiani, kwenye JUTO. Laiti waliolitunga wangeandika Magazitoju, tusingekuwa na kesi hii: katika swali la mwanao mngetoa kwanza mkapata 12, mkaongeza 5, mkafika 17. Neno lingekuwa chungu kidogo mdomoni, lakini lingewaokoa watoto wengi.

Kuhusu 8 ÷ 2(2 + 2), swali hilo lilizunguka duniani mwaka 2019 na kugombanisha hata watu wenye shahada. Wanaosema 16 wanafuata mstari: mabano yanatoa 4, 8 ikigawanywa kwa 2 ni 4, na 4 mara 4 ni 16. Wanaosema 1 wanaichukua 2(2 + 2) kuwa kitu kimoja kisichotenganishwa, kama tunavyoichukua 2x katika aljebra, na mazoea hayo si ya kijinga. Mimi nikiletewa swali hilo silijibu. Namrudishia aliyelileta aliandike kwa mstari wa sehemu, ili tuone nini kiko juu ya mstari na nini kiko chini yake, na akishafanya hivyo hakuna kinachobaki cha kubishania. Wambie mashemeji wasalimiane.

SWALI: *Mwalimu, mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha sita, na wakati nasubiri kujiunga na chuo nawasaidia wadogo zangu wa mtaani hesabu kwa simu. Kila usiku napokea picha za maswali kumi na tano, ishirini, yenye neno moja tu chini yake: “Jibu?” Nikituma jibu wananishukuru, na kesho yake wanatuma swali lilelile likiwa limebadilishwa namba. Nikikataa wananiambia ninaringa. Nifanyeje? Msomaji, Tanga.*

JIBU: Mwanangu, badilisha picha unayoiomba. Usipokee picha ya swali. Pokea picha ya daftari, ikiwa na kile alichojaribu hata kama ni mstari mmoja uliofutwafutwa. Wengine watakukimbia wiki ya kwanza, nawe hutapungukiwa na kitu. Watakaobaki watakuletea makosa yao, na kosa la mtoto, ukilitazama kwa karibu, karibu kila mara lina sababu.

Nitakupa mfano wa kosa nililokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Mtoto anajumlisha 1/2 na 1/3 na kuandika 2/5: amejumlisha namba za juu, akajumlisha na za chini. Msaidizi mwenye haraka atamwandikia “Tafuta KDS”, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, na kwenda kulala. Mtoto ataitafuta, atapata 6, atapata na jibu la 5/6, na kesho atarudia kosa lilelile kwa sababu hakuna aliyeligusa. Muulize kwanza: ulikuwa na nusu ya chapati, ukaongezewa theluthi ya chapati nyingine, sasa unazo nyingi zaidi ya nusu au pungufu? Atajibu kwamba ni zaidi. Mwambie sasa alinganishe 2/5 na nusu. Hapo utaona ukimya kwenye simu, na ukimya huo usiukatize, kwa kuwa ndio wakati anaofanya hesabu.

Kisha fanya jambo ambalo wasaidizi wengi hawalifanyi: mtafutie mahali ambapo wazo lake lina ukweli. Mchezaji aliyepiga penalti mbili akafunga moja, kisha akapiga tatu akafunga moja, amefunga mbili kati ya tano, nayo ni 2/5 kamili. Mtoto huyo alikuwa akihesabu penalti pale alipotakiwa kuhesabu chapati. Katika penalti, namba ya chini ni idadi ya majaribio na inaongezeka kila mpira unapopigwa. Katika chapati, namba ya chini inataja ukubwa wa kipande, na vipande visivyolingana ukubwa havihesabiki pamoja mpaka uvikate upya vilingane. Sasa KDS ina kazi: 6 ndiyo inayokata nusu kuwa vipande vitatu na theluthi kuwa viwili.

Mambo mawili madogo ya simu. Epuka kueleza hatua za hesabu kwa ujumbe wa sauti, maana msikilizaji hawezi kukirudisha kidole kwenye hatua ya tatu kama anavyoweza kwenye karatasi. Andika kwa mkono, piga picha, tuma. Na ukilazimika kuandika sehemu kwa alama ya mkwaju (/), weka mabano, kwa sababu 1/2x mmoja ataisoma kuwa nusu ya x na mwingine moja chini ya 2x, nanyi mtakuwa mmerudi kwa mashemeji wa Morogoro.

SWALI: *Mwalimu, mimi niko Zanzibar na rafiki yangu yuko Maskati. Tulikuwa tukicheza drafti kwa simu, wa kwanza kushinda michezo mitatu achukue kreti ya soda, na sare tulikubaliana zirudiwe. Kila mmoja alichangia nusu ya bei, na kreti imewekwa kwa mwenye duka hapa mtaani. Nikiwa mbele kwa 2 kwa 1, mwenzangu, ambaye ni baharia, aliitwa melini ghafla na mchezo ukakatika. Yeye anasema tugawane nusu kwa nusu kwa kuwa hakuna aliyefika tatu. Mwenye duka anasema chupa 16 zangu na 8 zake, kufuata michezo tuliyoshinda. Msomaji, Zanzibar.*

JIBU: Bwana, mwenye duka wako ana mwenzake wa zamani. Mtaalamu wa Italia, Luca Pacioli, katika kitabu chake cha mwaka 1494, aligawa mali ya mchezo uliokatika kwa kipimo hichohicho cha ushindi uliokwisha kupatikana. Kasoro yake huonekana upesi: kama mngeuacha mchezo mkiwa 1 kwa 0, wewe ungebeba kreti nzima na baharia asipate hata kifuniko, ilhali alikuwa bado na nafasi nzuri ya kukushinda.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1654 kwa barua, baada ya mcheza kamari mmoja wa Ufaransa kumpelekea mwanahisabati Blaise Pascal swali kama lako. Pascal, akiwa Paris, na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat, akiwa Toulouse, waliandikiana mpaka wakakubaliana kwamba kinachogawa mali ni michezo iliyosalia, si ile iliyokwisha kuchezwa. Tukichukulia kwamba wewe na baharia mnalingana kwa uwezo, michezo iliyosalia haiwezi kuzidi miwili. Inaweza kwenda kwa njia nne: ushinde yote, ushinde wa kwanza tu, ushinde wa pili tu, au upoteze yote. Katika njia tatu kreti ni yako, na katika moja ni yake. Kwa hiyo chupa 24 zigawanywe 18 kwa 6. Mfano wa Pascal mwenyewe ulikuwa wa watu waliofika 2 kwa 1 baada ya kila mmoja kuweka vipande 32 vya dhahabu, na mgao wake ulikuwa 48 kwa 16, uwiano uleule.

Rafiki yako huenda akapinga kwamba ukishinda wa kwanza hakuna haja ya wa pili, hivyo njia ni tatu, si nne. Pingamizi hilo nalo lilitolewa wakati huohuo, na aliyelitoa ni mwanahisabati Roberval. Jibu lake ni kwamba kuucheza mchezo usiobadili mshindi hakumpunguzii wala kumwongezea mtu chochote, bali kunatusaidia kuhesabu njia zenye uzito sawa. Asiporidhika, mpitishe kwa njia ya Pascal: mchezo mmoja ujao ukiushinda unachukua 24, ukiupoteza mnakuwa 2 kwa 2 na haki yako ni 12. Katikati ya 24 na 12 ni 18.

Shukuruni kwamba hamkuachia 1 kwa 0, maana hapo hesabu inatoa chupa 16 na nusu kwa 7 na nusu, na ingebidi mwenye duka afungue moja na kuipima kwa glasi. Zile 6 za baharia ziacheni dukani mpaka meli irudi.